Sumu Iliyosubiri Jina

Nchi yetu ipo, ingawa ramani nyingi huiruka. Zile zinazoitaja huandika jina lake kwa herufi ndogo mpaka linatumbukia katika ziwa la jirani, ndiyo maana baadhi ya wageni hufika wakiwa na nguo za kuogelea. Sisi wenyewe hatulalamiki. Tuna bendera, tuna Bunge, tuna Kamati ya Kuratibu Kamati, na tuna Maabara Kuu ya Serikali, ambayo mimi ni karani wake wa masjala. Kazi yangu ni kupokea mafaili, kuyapa namba na kuyapoteza kwa utaratibu. Watu huniita Bwana Masjala, nami huitika.

Nasimulia haya bila kinyongo. Serikali yetu naipenda, na ninaamini kila inalosema, hata pale inaposema mawili kwa wakati mmoja.

Mambo yalianza siku Waziri wa Afya na Bashasha, Mheshimiwa Dokta Bulemela Kang'ombe, aliporudi kutoka mkutano wa siku kumi na moja ughaibuni. Aliposhuka kwenye ndege hakusalimia mtu. Alitoa mfukoni kitu kama kalamu nene ya fedha, akakitia mdomoni, akavuta, kisha akapuliza wingu jeupe lenye harufu ya embe bivu. Bendi ya polisi ikaacha kupiga.

"Ndugu wananchi," akasema wingu lilipopungua na uso wake kuonekana, "hiki kinaitwa vepu. Mnachokiona si moshi. Moshi hutoka kwenye moto. Moto uko wapi?"

Tukautafuta moto. Hatukuuona.

"Basi huu ni mvuke! Na mvuke ni nini kama si maji? Na maji, nani kati yenu hanywi?"

Hakujitokeza mtu asiyekunywa maji. Hoja ikapita.

Wiki hiyohiyo sigara za kawaida zilipigwa marufuku katika ofisi zote za serikali, na kila mtumishi wa daraja la tatu kwenda juu akakabidhiwa vepu yake pamoja na barua ya pongezi. Haikujalisha kama alikuwa mvutaji au la. Miezi miwili baadaye tulijitangaza kuwa Taifa Lisilo na Moshi, tukaweka bango kubwa mpakani. Madereva wa malori walilalamika kwamba hawalisomi vizuri kwa sababu ya mvuke wa maofisa wa forodha.

*

Kazi ya kuwaelimisha wananchi alipewa Mwinjuma Chande, msemaji wa wizara. Sauti ya Mwinjuma ilikuwa mali ya taifa. Aliwahi kutangaza kwamba mbolea haitafika msimu ule, na wakulima waliomsikiliza redioni wakaenda shambani kuisubiri. Alikuwa na miaka thelathini na minne, hakuwahi kuvuta kitu chochote maishani, na jioni alikuwa akiimba kaswida msikitini kwao mpaka watu wa mtaa wa pili wanazima televisheni.

Kwa amri ya Waziri, kila Alhamisi saa nne asubuhi alisimama mbele ya kamera, akavuta vepu mara tano, akapuliza, kisha akasema, "Mvuke tu, ndugu zangu. Mvuke tu." Kila wiki ladha mpya: nanasi, ubuyu, mnanaa, siagi ya moto. Watoto wa shule za sekondari walizijua ladha hizo kwa mpangilio kuliko walivyojua historia ya nchi, jambo lililomfurahisha Waziri wa Elimu kwa sababu lilionyesha kwamba kumbe wanaweza kukariri.

Sasa, Mwinjuma alikuwa na dada yake, Sikudhani, ambaye ndiye Mkemia Mkuu wa maabara yetu. Mama yao alifariki Mwinjuma akiwa na miaka sita, na Sikudhani ndiye aliyemlea. Alimpeleka shule, alimfungia kamba za viatu, na siku alipopata kazi ya kusema serikalini, dada yake ndiye aliyempigia pasi shati.

Nataka ieleweke kwamba Bi Sikudhani hakuwa mkorofi. Tatizo lake lilikuwa moja tu: ukimpa kitu apime, anakipima.

Chupa za maji ya vepu zililetwa maabara kwa sababu sheria inataka kila kimiminika kinachoingia nchini kipite kwetu, hata maji ya zamzam. Fomu ilikuwa imeshajazwa wizarani. Ilibakia sahihi yake tu. Wakemia waliomtangulia walikuwa wakisaini fomu za namna hiyo huku wakinywa chai. Yeye alifunga mlango siku nne.

Siku ya tano aliniita. Nilimkuta amekaa kwenye stuli, miwani kaisukumia kwenye paji la uso, anatazama karatasi iliyojaa namba.

"Bwana Masjala, unajua kule mochwari wanahifadhi maiti kwa kutumia nini?"

"Formalini, Bi Mkemia."

"Formalini hutengenezwa kwa formaldehaidi. Haya maji yakipashwa moto ndani ya kile kidude, formaldehaidi inatoka. Mtu anaivuta mpaka kwenye mapafu."

Nilisema ni jambo jema serikali ikianza kuwahifadhi wananchi mapema.

Hakucheka. Nami sikuwa nimetania.

"Kuna akrolini," akaendelea, akifuata mistari kwa kidole. "Hiyo watu huitumia kuulia magugu ya mifereji. Kuna diasetili, ndiyo inayoleta ile ladha ya siagi. Ukiila haina neno. Ukiivuta inaziba vile vijia vidogo vya hewa, na vikiziba havizibuki. Waya wa ndani ukipata moto unaachia nikeli, kromiamu na madini ya risasi. Na nikotini imo, tena nyingi, hata kwenye chupa zilizoandikwa haimo."

"Na maji je?"

"Maji yapi?"

"Yale aliyosema Mheshimiwa."

Bi Sikudhani aliteremsha miwani yake. "Karibu hakuna, Bwana Masjala."

*

Mchana wa siku hiyo Mwinjuma alikuja maabara, kama alivyozoea kila Jumanne, kula na dada yake. Bi Sikudhani alileta chakula kwenye hotipoti, wakala kwenye meza ya masjala kwa sababu ya ndani imejaa asidi. Kwa hiyo niliwasikia. Sikuwa nikisikiliza.

Mwinjuma alikula vijiko viwili, akaweka kijiko chini, akatoa vepu.

"Zima hiyo," dada akasema.

"Dada, ni mvuke tu."

"Usiniambie maneno ya Alhamisi. Leo Jumanne."

Akaanza kumweleza, polepole, kama anavyomweleza mtu anayempenda. Mwinjuma alisikiliza huku akitabasamu, kisha kikohozi kikambana. Kilikuwa kikohozi kikavu, kirefu, na kilipokwisha alishika ukingo wa meza.

"Tangu lini hicho?"

"Vumbi."

"Mwinjuma."

"Miezi miwili." Akatazama chini. "Na jana nilishindwa kumaliza kaswida. Nilifika katikati, pumzi ikaniishia. Nikawaambia nimesahau maneno."

"Basi acha. Leo. Hapahapa."

"Unafikiri sijajaribu?" Sauti yake ilishuka. "Ijumaa niliifungia kabatini. Jumamosi mikono ikawa inatetemeka, nikamfokea mke wangu kwa sababu ya chumvi. Jumapili asubuhi nilivunja kabati, dada. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni."

Bi Sikudhani akachukua kile kijiko, akakisukuma karibu na mkono wa ndugu yake.

"Kula kwanza," akasema. "Hii ripoti naipeleka kwa Waziri kesho. Wakiisoma watakuondoa kwenye hiyo kazi ya kuvuta."

Mimi niliipa ripoti namba, nikagonga muhuri. Nilikuwa na imani kubwa.

*

Mheshimiwa Waziri aliipokea vizuri sana. Alimkaribisha Bi Sikudhani ofisini kwake, nami nikiwa nyuma na faili, akamkalisha kwenye kochi, akamwita "binti yangu msomi". Ofisi nzima ilikuwa nyeupe kwa mvuke. Ilibidi tumfuate kwa sauti.

"Nimeisoma ripoti yako mara tatu," akasema kutoka mahali fulani upande wa dirisha. "Kazi nzuri mno! Ila ina kasoro moja ndogo ya kisheria. Haya majina. Fo-ma-li... hili. Na hili lingine linalofanana na jina la dawa ya nywele. Ni lugha gani?"

"Ni majina ya kikemia, Mheshimiwa. Dunia nzima ndiyo hayo."

"Aaa! Umeona? Dunia nzima. Lakini Katiba yetu, Ibara ya Nne, inasema shughuli zote za taifa zitaendeshwa kwa lugha ya taifa. Kitu kisicho na jina katika lugha ya taifa hakijaingia nchini kihalali. Na kitu ambacho hakijaingia nchini kitamdhuruje raia aliye ndani ya nchi?"

Niliitafakari hoja hiyo kwa siku kadhaa, na mpaka leo sijaona pa kuishikia.

"Mheshimiwa," Bi Sikudhani akasema, "mapafu hayasomi Katiba."

"Na hilo ndilo kosa lao," akajibu kwa upole. "Siikatai ripoti yako, binti yangu. Naipeleka Baraza la Majina ya Vitu. Wakishavipa vitu hivi majina, nitavipiga marufuku siku hiyohiyo. Kwa sauti!"

"Na Mwinjuma? Anaumwa, Mheshimiwa. Naomba apumzishwe."

Tulisikia Waziri akivuta, kisha akipuliza.

"Anaumwa nini?"

Bi Sikudhani akafungua mdomo kutaja, akaufunga.

*

Baraza la Majina ya Vitu lina wajumbe kumi na tisa, na mwenyekiti wake ni Profesa Ndimbwelu, mtu mpole anayeweza kutumia saa nzima kwenye silabi moja. Mimi nilihudhuria kama mtunza faili. Ni watu makini. Hawakuwahi kuahirisha kikao, isipokuwa kwa kukohoa.

Formaldehaidi ilichukua wiki tano. Mjumbe mmoja alipendekeza "kitunzamwili". Likapingwa kwamba linavutia mno, watu wataitafuta madukani. Mwingine akaleta "kikausha-mapafu". Likapingwa kwamba linaleta hofu, na sera ya taifa ni bashasha. Mwishoni wakaafikiana kulipeleka jina katika kamati ndogo.

Akrolini ilikwama kwenye herufi ya kwanza.

Walipofika kwenye risasi, ukumbi ulichangamka, kwa sababu risasi tayari ni neno letu. Profesa Ndimbwelu alisimama akatangaza ushindi. Lakini mjumbe mmoja mwangalifu akauliza kama risasi si mali ya jeshi. Wakaandika barua Wizara ya Ulinzi. Jibu lilikuja baada ya wiki sita, likiwa na mihuri mitatu: maghala yote yamekaguliwa, hakuna risasi iliyopotea, na yeyote anayedai kuna risasi katika vifua vya raia anaombwa ataje nani amefyatua.

Bi Sikudhani alihudhuria kila kikao. Mwanzoni alileta chati. Baadaye alileta picha ya mapafu. Siku walipojadili diasetili, mjumbe mmoja aliomba kwanza ionjwe, wajumbe wakavuta ladha ya siagi kwa zamu, na Profesa akakohoa mpaka miwani ikamdondoka.

"Profesa," Bi Sikudhani akamwambia, akiiokota na kumrudishia, "wewe mwenyewe unasikia."

Profesa alijifuta machozi. Nadhani alikuwa mtu mwema. "Nasikia, Bi Mkemia," akasema kwa sauti ndogo. "Lakini nitasema nimesikia nini?"

Nje ya ukumbi, wakati huo, vepu zilikuwa zimeshafika mashuleni, na walimu walikuwa wameanza kuandika kwenye mahudhurio ya wanafunzi: yupo, hayupo, anakohoa. Wizara ikatoa waraka kwamba kukohoa ni dalili ya mwili kuizoea bidhaa ya kisasa.

*

Alhamisi ya tano ya mwezi wa sita, Mwinjuma alitakiwa kusoma tamko kuhusu uvumi. Televisheni ya maabara iko juu ya friji la sampuli. Bi Sikudhani alikuwa akiosha chupa, mgongo kaupa skrini, kwa sababu hakuwa akipenda tena kumtazama ndugu yake siku za Alhamisi.

Mwinjuma alikuwa amekonda. Kola ya shati ilimzunguka shingo bila kuigusa. Akavuta mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Ya nne aliikatisha. Akafungua karatasi.

"Ndugu wananchi, Wizara inapenda kuwahakikishia kwamba hali ya afya nchini ni shwa..."

Akasimama. Akajaribu tena. "Ni shwa..."

Midomo yake ilikuwa na rangi nisiyoijua. Aliinama kama anayetafuta kitu sakafuni, kisha hakuwepo tena kwenye picha. Hapo televisheni ikaonyesha maporomoko ya maji, yenye muziki wa filimbi.

Niligeuka kumwambia Bi Sikudhani. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye sinki na mlango uko wazi. Alikimbia na koti la maabara na glavu mikononi, kilomita mbili, mpaka hospitali.

Nilimkuta huko jioni, kwenye korido ya wodi. Daktari Kokushubira, msichana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alikuwa akimwuliza kwa mara ya tatu.

"Dada, nisaidie. Mapafu yake yamevimba yote, picha imejaa weupe. Nataka kujua amevuta nini hasa. Nikijua najua nimpe nini, na nini nisimpe."

"Nimekwambia ninavyokumbuka," Bi Sikudhani akasema, "lakini vipimo halisi vimo kwenye ripoti. Kiwango cha kila kitu, kwa kila ladha. Na ripoti imefungwa. Iko chini ya Baraza." Akanitazama. Sikuwahi kumwona analia, na hata siku hiyo hakulia, lakini mikono yake ilikuwa bado ndani ya glavu. "Bwana Masjala, nimemlea mimi yule."

Sasa nieleze jambo ambalo liko kwenye kumbukumbu zangu kama kosa la kiofisi. Nilirudi maabara kulipeleka faili lile stoo, kama utaratibu unavyotaka. Nikiwa nalo mkononi nikapotea njia. Nimefanya kazi jengo lile miaka ishirini na mbili, lakini nilipotea, nikatoka mlango wa mbele, nikapita sokoni, nikapanda ngazi za hospitali, na faili likaanguka juu ya meza ya Daktari Kokushubira likiwa wazi ukurasa wa saba. Kwa kosa hilo nilipewa onyo kali. Onyo lenyewe nikalipatia namba.

Daktari alisoma amesimama. Akamwita nesi, akabadilisha dawa, akampa Mwinjuma ile ya kupoza uvimbe wa mapafu, akamwongezea oksijeni. Siku tisa hatukujua kama atapona. Siku ya kumi Mwinjuma alifumbua macho, akamwona dada yake, akaanza kusema kitu, na kilichotoka kilikuwa kama karatasi inayokwaruzwa.

"Usiseme," Bi Sikudhani akamwambia. "Tulia hivyohivyo."

Vijia vyake vingine, daktari alieleza, havitafunguka tena. Ataishi. Ataishi kwa pumzi chache. Kuhusu kuimba aliuliza mkewe, na daktari akatikisa kichwa.

*

Waziri alikuja kumtembelea na shada la maua la plastiki, kwa kuwa ya kweli yalikuwa yamenyauka ofisini kwake. Alikaa kando ya kitanda, na nitamtetea: alionekana ameumia. Aliacha vepu yake kwa dereva. Alimshika Mwinjuma mkono, akaomba jambo moja tu. Wananchi walikuwa na wasiwasi tangu siku ya maporomoko. Walikuwa wamekusanyika mbele ya kituo cha televisheni kudai kwamba wamechoshwa na maporomoko, mpaka Bunge likapitisha sheria ya haraka: msemaji wa serikali akianza kusema, matangazo yasikatwe mpaka amalize mwenyewe na kusema asanteni. Je, Mwinjuma angeweza kutokea Alhamisi moja tu, aonekane mzima?

Mwinjuma akaitikia kwa kichwa.

"Hutakwenda," dada yake akasema Waziri alipoondoka.

Mwinjuma akachukua kalamu, akaandika kwenye kiganja chake, akamwonyesha. Sikuona ameandika nini. Bi Sikudhani alikitazama kiganja kile kwa muda mrefu, kisha akaenda kumtafutia shati na pasi.

Alhamisi ile aliingia studio na mtungi wa oksijeni wa magurudumu, dada yake akiusukuma. Waliweka vepu mezani. Hakuigusa. Akafungua karatasi, na sisi wa maabara tukaona kwamba karatasi ile ilikuwa na muhuri wetu.

"Ndugu... wananchi," akasema. Akavuta hewa ya mtungi. "Mimi... nilivuta... hivi."

Akaanza kusoma. Formaldehaidi. Akavuta hewa. Akrolini. Akavuta hewa. Alisoma jina, akasoma kiwango, akasoma ni katika ladha gani kimo, na kati ya kila neno na neno kulikuwa na mlio wa mtungi. Mkurugenzi wa kituo alisimama na mkono kwenye swichi ya maporomoko na sheria kwenye mkono wa pili. Ilikuwa sheria nzuri, haikuacha mwanya. Ile orodha ambayo zamani Mwinjuma angeimaliza kwa dakika tatu ilichukua dakika arobaini na sita, na nchi nzima ilikaa kimya kuisikiliza, kwa sababu ukipiga kelele hupati neno linalofuata.

Ukiondoa risasi, hakuna jina hata moja lililokuwa la lugha ya taifa. Sikusikia mtu akiuliza maana.

Alipofika mwisho alikunja karatasi. "Si mvuke," akasema. "Asanteni."

*

Mnataka kujua serikali ilifanya nini. Ilisema ilikuwa na mpango huo tangu mwanzo. Vepu ziliondolewa maofisini na mashuleni kwa awamu, na Waziri alipokea tuzo kwa kuziondoa, kama alivyopokea kwa kuzileta. Profesa Ndimbwelu alijiuzulu uenyekiti kwa barua ya mstari mmoja. Nasikia sasa anatembea kila asubuhi, polepole, na fimbo. Watu walikuja maabara mchana uleule Mwinjuma aliposoma orodha, kurudisha vifaa vyao, foleni mpaka nje ya geti, wengi wao wakiwa na sare za shule. Dereva wa Waziri alikuwa kati yao, na kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akaniomba nisiandike kimetoka kwa nani.

Mwinjuma hakurudi wizarani. Jumanne moja alikuja maabara kula na dada yake, bila mtungi kwa mara ya kwanza. Niliwaona kupitia dirisha la masjala. Ngazi za mbele ni kumi na nne. Alipanda tatu, akasimama, akashika ukuta. Bi Sikudhani akasimama naye. Hakumhimiza wala hakumshika mkono. Alisimama tu anatazama barabarani, kana kwamba na yeye amechoka. Wakapanda mbili. Wakasimama. Moja. Wakasimama.

Ilikuwa dakika tisa mpaka mlangoni. Katika daftari la wageni kuna safu ya jina, ya saa ya kuingia na ya sababu ya kuja. Hakuna safu ya kuandikia kitu kama kile, kwa hiyo nimekiandika hapa.